Robert Koch na deni la elimu katika nchi ya Kagera

 

Ndugu wasomaji, tarehe 20 Januari 2025 Serikali ilitangaza kuwa maradhi ya Marburg yameingia katika Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Hadi yalipotangazwa kumalizika, tarehe 13 Machi mwaka huo, watu 10 walihesabiwa kuwa waliugua, wawili kwa kuthibitishwa na vipimo na wanane kwa kudhaniwa, na wote 10 walifariki dunia. Kwa familia za Rulenge na Wilaya ya Ngara kwa jumla, ambazo ni majirani wa Biharamulo, habari ile haikuwa ya mbali. Kirusi chenyewe kina jina la mji wa Ujerumani, kwa kuwa huko ndiko kilikotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967, baada ya wafanyakazi wa maabara kuambukizwa na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda.

Si mara ya kwanza kwa maradhi ya nchi zetu za maziwa kuandikwa katika vitabu vya Wajerumani. Zaidi ya miaka 125 iliyopita, tabibu mkubwa kuliko wote wa taifa hilo aliandika juu ya maradhi ya Kagera. Jina lake ni Robert Koch. Hakuwa Mwislamu, lakini Qur'ani Tukufu inatuamrisha kuwa waadilifu kwa kila mtu, tusimnyime mtu haki yake wala tusimfichie kosa lake. Kwa mizani hiyo tunayasimulia maisha yake.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, mtoto wa afisa wa migodi. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1866, na kuanzia mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo ndani ya Poland. Hakuwa na maabara kubwa wala wasaidizi. Alikuwa na hadubini yake, wagonjwa wake, na mifugo ya wakulima iliyokuwa ikifa kwa kimeta. Akiwa huko aliufuatilia mdudu wa kimeta tangu mbegu yake hadi alipomuua mnyama, na mwaka 1876 akachapisha matokeo yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa hatua kwa hatua kwamba kimelea fulani ndicho kinachosababisha ugonjwa fulani.

Kutoka hapo maandishi yake yalifuatana. Mwaka 1878 aliandika juu ya maradhi yanayotokana na vidonda. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kwamba amemgundua mdudu wa kifua kikuu, maradhi ambayo wakati huo yalikadiriwa kuua mtu mmoja kati ya kila watu saba. Ndiyo maana hadi leo tarehe 24 Machi huadhimishwa duniani kuwa siku ya kifua kikuu. Mwaka 1883 na 1884 alikuwa Misri na India, akamtambua mdudu wa kipindupindu. Mwaka 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Hata hivyo, katika orodha hiyo ya sifa kuna doa la mwaka 1890. Mwaka huo alitangaza dawa aliyoiita tuberkulini, akatoa matumaini kwamba itaponya kifua kikuu, huku akificha namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin. Haikupita muda ikadhihirika kuwa dawa haiponyi, na baadhi ya waliochomwa sindano hiyo walifariki. Leo tuberkulini imebaki kuwa kipimo tu cha kutambua maambukizi. Mtu aliyewafundisha wenzake kutotangaza jambo kabla ya kulithibitisha, yeye mwenyewe alitangulia ushahidi wake.

Safari zake za Afrika zilianza mwaka 1896, alipoitwa Afrika Kusini kuchunguza sotoka, maradhi yaliyokuwa yameteketeza ng'ombe tangu Pembe ya Afrika hadi kusini. Sotoka husababishwa na kirusi, na wakati huo elimu ya virusi ilikuwa bado haijazaliwa. Ilimbidi atafute kinga dhidi ya adui asiyeonekana hata kwa hadubini yake. Mwaka 1897, baada ya kupita India iliyokuwa imepigwa na tauni, alifika Dar es Salaam, makao ya utawala wa Wajerumani.

Akiwa huko zilikuja habari kutoka Kiziba, magharibi ya Ziwa Viktoria, kwamba watu wanakufa kwa maradhi yenye uvimbe, ambayo wenyeji waliyaita rubwunga. Daktari wa jeshi aliyeitwa Zupitza alitumwa huko, na uchunguzi ukaonesha kwamba rubwunga ndiyo tauni. Mwaka 1898 Koch aliitangaza habari hiyo Berlin, na mwaka huohuo akatoa kitabu cha taarifa za safari zake, chenye sotoka, tauni ya India na ya Afrika, malaria na ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o. Hivyo nchi ya Kagera ikaingia katika elimu ya tauni ya dunia. Lakini tukumbuke kwamba kabla ya hadubini yoyote kufika, watu wa Kiziba walikwisha kuyajua maradhi hayo na kuyapa jina.

Mwaka 1906 alirudi akiongoza msafara wa kuchunguza malale, maradhi yaliyokuwa yameua watu wengi mno kando ya ziwa upande wa Uganda. Aliweka kambi katika Visiwa vya Ssese na kuwatibu wagonjwa zaidi ya elfu moja kwa atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki ndani yake. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, naye akapeleka taarifa za kutia moyo zikachapishwa katika jarida la tiba la nchini mwake. Lakini maradhi yalirejea. Koch akaongeza kipimo cha dawa. Wagonjwa wakapata maumivu makali, na zaidi ya 20 wakapofuka macho, upofu usiokuwa na tiba. Ndipo akakiacha kipimo kile kikubwa. Mwaka 1907 kambi ya wagonjwa wa malale ilifunguliwa pia Kigarama, huko Kiziba, kwa upande wa Wajerumani. Koch akarejea kwao, na tarehe 27 Mei 1910 akafariki katika mji wa Baden-Baden. Taasisi ya Berlin yenye jina lake ingali inafanya kazi mpaka leo.

Ndugu wasomaji, tuyapime vipi maisha haya? Haki yake ni kubwa. Kila mgonjwa wa kifua kikuu anayepimwa makohozi katika zahanati zetu ananufaika na kazi ya mtu huyu. Lakini katika taarifa zile zilizompa heshima, majina ya vipofu wa Ssese hayasomwi pamoja na jina lake. Walikuja kutafuta uzima wakarudi wakishikwa mkono. Mwili wa mgonjwa ni amana mikononi mwa tabibu, na elimu iliyopatikana kwa mwili huo ni deni kwa mwenye mwili. Wingi wa maandishi haulipi deni hilo. Hulipwa kwa kumweleza mgonjwa ukweli, kwa kumwomba ridhaa yake, na kwa kuhakikisha kwamba dawa ikipatikana inamrudia yeye wa kwanza.

Nasi tuna wajibu wetu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha tusiingie katika nchi iliyopigwa na tauni, wala tusitoke humo kwa kuikimbia. Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) aligeuza msafara wake njiani kuelekea Sham aliposikia habari ya tauni. Basi wataalamu wanapotutaka tujitenge, tusimguse maiti wa maradhi ya kuambukiza, tutoe taarifa mapema, tusiwadhanie ubaya kwa sababu ya makosa ya zamani. Tuwaulize maswali, kisha tutii. Na wazazi wa Rulenge, Ngara na Biharamulo wawasomeshe watoto wao wa kike na wa kiume elimu hii ya maradhi, ili atakayeandika juu ya homa za Kagera kesho awe anayajua makaburi anayoyaandikia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa, na awape matabibu wetu elimu yenye huruma. Wabillahi tawfiq.