Makhan Singh na Ukuta wa Mishahara

Juma moja la muhula huu niliwauliza wanafunzi wangu wanitajie watu waliotiwa kizuizini na serikali ya kikoloni humu nchini. Mikono iliinuka mingi, na majina sita ya Kapenguria yakatiririka pasi na kusita. Nilipolitaja jina la Makhan Singh, darasa lilinyamaza. Kisha kijana mmoja wa dawati la nyuma akauliza iwapo huyo ni Kalasinga mwenye gereji. Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka wala sikumkemea, maana hapa Kaplong, zinapokutana barabara za Kericho, Kisii na Bomet, Singasinga hujulikana kwa ufundi wake na kwa hekalu lao kubwa lililoko Kericho, basi. Hata hilo jina Kalasinga lilikuwa la mfanyabiashara mmoja tu, Kala Singh, nasi tukaivika jamii nzima.

Niruhusu basi, ndugu msomaji, niumalize hapa mjadala ambao kengele ilinikatiza.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, jimbo la Punjab, siku ambazo India yote ilikuwa chini ya Mwingereza. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala aliyekuja kufanya kazi katika reli. Mwana alimfuata Nairobi mwaka 1927, akasoma huko, kisha akaingia kazini katika kiwanda kidogo cha uchapishaji ambacho babaye alikuwa amekianzisha.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa imekatwa vipande kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikaa penye vilima na miti. Mhindi alikaa Ngara, Parklands na kando ya masoko. Mwafrika alisukumwa mashariki, Pumwani na mitaa iliyofuata, ambako chumba kimoja kililaza watu kupita kiasi, na mwanamume hakuthubutu kutoka bila kipande chake. Mishahara nayo ilipangwa vivyo hivyo: ngazi ya Mzungu juu, ya Mhindi katikati, ya Mwafrika chini. Nawasihi walimu wenzangu tusipapite hapa mbiombio. Ubaguzi ule haukuwa chuki tupu, ulikuwa hesabu. Fundi wa Kihindi alilipwa kidogo, lakini kwa kuwa kila siku alimwona aliyelipwa kidogo kuliko yeye, aliogopa kuporomoka kuliko alivyotamani kupanda. Mwafrika naye alidhani kwamba fundi huyo ndiye aliyeikalia riziki yake. Maskini wawili walitazamana kwa jicho baya, ilhali aliyewaajiri alilala usingizi mnono.

Wanafunzi wangu walilielewa jambo hili upesi kuliko nilivyotarajia. Wengi wana jamaa katika mashamba makubwa ya chai, ambako nyumba ya meneja hukaa peke yake ndani ya bustani, nyumba za makarani zikiwa mbali nayo, na za wachumaji zikipangwa safu safu. Hawakuhitaji ramani ya Nairobi.

Mwaka 1935, akiwa kijana wa miaka 21, Makhan Singh alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Hakukawia kufanya lile ambalo wakubwa hawakulitarajia: chama kilibadilishwa jina, neno la Kihindi likaondolewa, na mlango ukafunguliwa kwa mfanyakazi wa rangi yoyote. Matangazo yake yalichapishwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Mwaka 1937 chama hicho kiliongoza mgomo wa siku 62 jijini Nairobi, na wafanyakazi wakapata nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22. Nao wakandarasi waliogomewa, wengi wao walikuwa Wahindi! Anayesimulia kisa hiki kama vita vya rangi na rangi hana budi kueleza hapo.

Mwishoni mwa 1939 alikwenda India. Huko nako serikali ilimkamata mwaka uliofuata na kumweka kizuizini bila mashtaka. Aliporejea Kenya mwaka 1947 alipokewa kwa amri ya kumfukuza nchini, akaipinga mahakamani, akabaki. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais naye akiwa katibu mkuu. Serikali ilikataa kuliandikisha.

Tarehe 23 Aprili 1950 ulifanyika mkutano katika ukumbi wa Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya arobaini kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Hapo, mbele ya Waafrika na Wahindi waliokaa pamoja, Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, wakati ambapo wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti zaidi barazani. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma. Watu wa Pumwani na mitaa jirani walikabiliana na polisi na mabomu ya kutoa machozi kwa zaidi ya juma moja, wakidai mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi, na wakidai pia waachiliwe viongozi wao: Kubai, Makhan Singh, na Chege Kibachia aliyekuwa kizuizini Kabarnet. Waafrika walipigwa virungu wakimdai Mhindi. Sijui kama kuna ukurasa mwingine wa historia yetu unaofanana na huo.

Kesi yake ilisikizwa Nyeri na jaji Thacker, yule yule aliyemhukumu Kenyatta baadaye Kapenguria. Akapelekwa Lokitaung, kisha Maralal, kisha Dol Dol, akakaa kizuizini zaidi ya miaka 11. Aliachiliwa Oktoba 1961, baada ya Kenyatta mwenyewe kutoka.

Yaliyofuata yananisikitisha kuliko Lokitaung. Alikuwa mkomunisti, wala hakuficha, na Kenya huru haikumpa cheo chochote. Matajiri wa jamii yake walikuwa wamemwona msumbufu tangu zamani, na kwa wanasiasa wapya akawa mgeni. Hakulalamika hadharani. Aliketi akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi 1952, kitabu kilichotolewa mwaka 1969, na ambacho kina majina ya wengine mengi kuliko lake. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973.

Kipindi kilipokwisha, kijana yule wa dawati la nyuma alinifuata barazani. Mamaye huchuma chai. Alitaka kujua kama chama anachokatwa mama kila mwezi ndicho alichokianzisha Makhan Singh. Nikamwambia sicho, hicho cha wafanyakazi wa mashamba kiliundwa 1963, naye Makhan Singh alikwisha kuwekwa kando. Asubuhi yake alikuja na hati ya mshahara ya mamaye, imekunjwa mara nne ndani ya daftari la historia, akanionyesha kwa kidole mstari wa makato.