Apolo Kivebulaya na Jembe Lake

Hapana mtoto wa Arusha au wa Meru asiyelijua jembe. Angali mdogo hupewa lake, akamfuata mama yake shambani katikati ya migomba na mibuni, akajifunza kupalilia mahindi na maharagwe. Jembe ni chombo cha kila siku, wala hapana mtu alistaajabiaye. Walakini palikuwa na mtu mmoja ambaye kwa jembe aliushinda udhuru uliokuwa umewashinda wenzake. Jina lake aliitwa Apolo Kivebulaya. Habari zake zafaa kusomwa na kila kijana anayesikia moyoni mwake kwamba yuko kazi Mungu anayotaka aifanye, naye anatafuta neno la kujiepusha nayo.

Apolo alizaliwa katika nchi ya Buganda yapata mwaka 1864. Siku zile hakukuwa bado na mmisionari hata mmoja katika nchi hiyo, wala shule ya Kikristo. Alizaliwa pacha, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa mwana wa kiume aliyetangulia kuzaliwa katika mapacha. Jina lake la pili lilikuwa Munubi. Alipokuwa kijana alimsikia Alexander Mackay, fundi na mwalimu kutoka Uskochi, ambaye alifika Buganda mwaka 1878. Maneno ya Mackay yaliingia moyoni mwake, lakini hayakuota upesi. Yalikaa chini kama mbegu inayongojea mvua.

Tangu mwaka 1888 Buganda ikajaa vita. Waislamu na Wakristo waligombania utawala. Na baadaye, mwaka 1892, Wakristo wenyewe, Waprotestanti na Wakatoliki, wakapigana. Munubi alikuwa askari katika siku hizo. Kwanza alikuwa upande wa Waislamu, kisha akawaacha akaenda upande wa Wakristo. Maisha ya vita hayakumfanya kuwa mtu mwema. Alivuta bangi, akazoea mambo ya askari wasio na mtu wa kuwaonya. Miaka ya ujana wake, ambayo wengine huitumia kujifunza, yeye aliipoteza njiani na kambini.

Hata vita vilipotulia, ile mbegu ya zamani ikaota. Akaanza kujifunza kusoma, akaingia katika mafundisho, akabatizwa mwezi wa Januari mwaka 1895. Akapewa jina la Apolo, kwa kumkumbuka yule mwalimu hodari ambaye habari zake zimo katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Umri wake ulikuwa yapata miaka 30.

Hapa msomaji na afikiri kidogo. Kama mtu huyu angeambiwa kwenda kufundisha, je, angekosa udhuru? Angaliweza kusema kwamba amechelewa kuanza. Kwamba jana tu alikuwa mvuta bangi, na watu wanamjua. Kwamba hakusoma shule ndefu, naye ni Mkristo mchanga. Maneno hayo yote yangalikuwa kweli. Na watu walio wakubwa kuliko yeye walisema ya namna hiyo kabla yake. Musa alipoitwa, alisema kwamba ulimi wake ni mzito. Gideoni alisema kwamba jamaa yake ni maskini, naye ni mdogo katika nyumba ya baba yake. Yeremia alisema kwamba yeye ni mtoto tu. Hapana hata mmoja wao aliyesema uongo, na hapana hata mmoja aliyeruhusiwa kubaki nyumbani. Mwaka ule ule wa ubatizo wake Apolo alitumwa kuwa mwalimu katika nchi ya Toro, naye akaenda.

Toro iko magharibi mwa Buganda, karibu na milima ya Ruwenzori. Milima hiyo ina theluji juu yake, kama Kibo tunayoiona upande wa mashariki siku mawingu yanapoondoka. Huko watu walimwona Apolo amevaa nguo nyekundu iliyotoka ng'ambo, wakamwita Kivebulaya, maana yake kitu kitokacho Ulaya. Jina hilo la mzaha likamshika, akaitwa hivyo mpaka kufa kwake, ingawa hakufika Ulaya kamwe.

Ng'ambo ya Toro, kupita bonde la mto Semliki, iko nchi iitwayo Mboga, mpakani mwa msitu mkubwa wa Kongo. Mtawala wake siku zile alikuwa Tabaro. Waalimu wawili Waganda walikuwa wametangulia kwenda kufundisha huko, nao walirudi. Sababu yao haikuwa ya uvivu. Ilikuwa desturi mwalimu kulishwa na mwenye nchi, lakini Tabaro aliwanyima chakula. Mtu mwenye njaa hawezi kukaa siku nyingi katika nchi ya kigeni, wala hapana awezaye kuwalaumu. Tena habari nyingine za kutisha zilisimuliwa juu ya njia ile, za baridi ya milima, na za watu wa mbali ambao ilisemekana hula watu.

Mwaka 1896 Apolo aliulizwa kama anaogopa kwenda Mboga. Akakubali kwenda. Na alipokwisha kusikia kwa nini wenzake walirudi, hakusema kwamba wao walikuwa dhaifu na kwamba yeye ana nguvu kuliko wao. Alinunua jembe. Akalichukua begani pamoja na vitabu vyake, akashuka bondeni, akavuka Semliki.

Jambo hili ni dogo kwa macho, lakini lina hekima kubwa ndani yake. Apolo hakuukana ule udhuru, wala hakujifanya kuwa njaa haipo. Aliutazama usoni, akatafuta chombo cha kuuondoa. Alijua ya kuwa Tabaro hawezi kumnyima chakula mtu anayelima mwenyewe.

Mwaka huo huo, katika nchi yetu ya Meru, palitokea msiba ambao wazee wamewasimulia watoto wao. Wamisionari wawili vijana, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walitoka Kilimanjaro pamoja na Wachaga waliofuatana nao, wakapiga hema Akeri ili kuanza kazi. Siku chache tu baadaye, usiku mmoja wa Oktoba 1896, waliuawa hapo, na baadhi ya Wachaga wao pia. Kisha serikali ya Wadachi ikaleta askari, ikawapiga Wameru na Waarusha kwa ukali mwingi, ikachukua ng'ombe wao na kuharibu migomba yao. Baada ya mambo hayo, ni nani ambaye hangekuwa na udhuru wa kutosha wa kukaa mbali na Meru? Hata hivyo mwaka 1902 kazi ilianza Nkoaranga, na mwaka 1904 ikaanza Ilboru. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba woga wa Apolo ulikuwa wa bure. Katika miaka ile hatari ilikuwa ya kweli, huko na huku.

Apolo alipofika Mboga alilima, akapanda, akajenga nyumba yake, akakusanya watu wachache kuwafundisha kusoma. Neno la chakula likawa limekwisha, lakini matata mengine yakaja. Tabaro aliona mafundisho yale yanapinga ulevi, na wake wengi, na uganga, akachukizwa. Mwalimu akapigwa. Kisha dada yake Tabaro akafa kwa ajali, amechomwa na mkuki karibu na mahali pa Apolo. Apolo akashitakiwa kwamba ndiye aliyemwua. Akafungwa minyororo, akapelekwa Toro penye ngome ya serikali, akatiwa gerezani. Mtu aliyekwenda kwa hiari yake kuwafundisha watu alirudishwa kama mwuaji.

Yamkini wakati huo moyo wa mtu hujiuliza kama kweli aliitwa, ama alijidanganya tu. Apolo alikuwa mtu kama sisi, naye alihuzunika. Baadaye yeye mwenyewe alisimulia ya kwamba katika siku zile za taabu alimwona Kristo usiku katika maono, anang'aa kama jua, akamwambia kuwa na moyo mkuu kwa kuwa Yeye yu pamoja naye. Hakuahidiwa kwamba hatapigwa tena, wala hakuambiwa kwamba ana akili au nguvu kuliko wengine. Alipewa ahadi moja tu, ya kuwa hatakuwa peke yake. Ahadi hiyo ilimtosha miaka yote iliyobaki.

Ilipoonekana kwamba hana hatia akafunguliwa. Angaliweza kukaa Toro kwa amani, na kila mtu angalimhurumia. Yeye akarudi Mboga kwa wale wale waliomshitaki. Watu walipomwona amerudi bila kutafuta kisasi, walistaajabu. Mwisho Tabaro mwenyewe, aliyekuwa adui yake, aliomba kufundishwa, akabatizwa.

Mwaka 1900 Apolo alifanywa shemasi, na mwaka 1903 akawa kasisi. Kwa miaka mingi alifanya kazi Toro na nchi za jirani. Hakuoa, na mali yake ilikuwa chache. Wakati wa vita kuu ya 1914 mpaka 1918, Mboga ilikuwa imewekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji kwa mpaka mpya, na Wakristo wake walikuwa wamebaki bila mchungaji wa kukaa nao. Apolo alikuwa amepita miaka 50. Sasa angaliweza kuleta udhuru wa uzee, ambao watu wote huuheshimu. Badala yake akavuka Semliki tena, akafanya Mboga kuwa nyumbani kwake.

Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, lakini hakuhamia mjini kukaa karibu na heshima hiyo. Alikuwa amekwisha kuanza kazi nyingine ndani ya msitu, kati ya Wambuti, wale watu wafupi wanaoishi kwa kuwinda na kuhama kutoka kambi hata kambi. Watu wengi waliwadharau, wala hawakudhani kwamba yafaa kuwafundisha. Apolo hakuijua lugha yao, kwa hiyo alikaa nao akajifunza, kama mtoto anayeanza kusema. Kisha akaanza kutafsiri Injili ya Marko katika lugha yao, na kabla hajafa aliwabatiza wa kwanza wao.

Apolo alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa maiti alazwe kichwa kikielekea mashariki, lakini yeye aliagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, penye msitu wa Kongo, kwa kuwa kazi ilikuwa bado mbele. Wakazika kama alivyotaka. Kanisa la Anglikana la Kongo huhesabu kwamba mwanzo wake ni Mboga, na kila mwaka tarehe 30 Mei Waanglikana wa nchi nyingi humkumbuka.

Wala tusifikiri kwamba watu wa namna hii walikuwako Uganda na Kongo tu. Baada ya vita ile ya kwanza, wamisionari Wajeremani waliondolewa katika nchi hii mwaka 1920, na wengi walidhani kwamba kazi ya Meru na Arusha itakufa. Ilishikwa na waalimu wa kwetu. Hawakuwa na elimu kubwa, na mshahara wao ulikuwa mdogo au haukuwako. Walilima mashamba yao asubuhi, wakafundisha watoto, wakazika wafu, wakasomea watu Neno siku ya Bwana. Wamisionari wale walipoanza kurudi mwaka 1925 walikuta makanisa yangali hai. Waalimu hao nao walikuwa na majembe.

Basi wewe uliye kijana, utaitwa siku moja, ama umekwisha kuitwa. Huenda isiwe kwenda nchi ya mbali. Huenda ikawa kufundisha wadogo Jumapili, au kumchotea maji bibi kizee asiye na mtoto, au kumsomea barua mtu asiyejua kusoma. Nawe utapata udhuru mara moja, na huenda ukawa wa kweli. Usiufiche, wala usiupigie magoti. Uutazame vizuri ujue unachopungukiwa, kisha ukakitafute. Asiyejua na ajifunze. Asiye na wakati na aamke mapema. Aliye na aibu ya maisha yake ya nyuma na ayaache, wala asiyafanye kuwa mlango wa kujifungia. Na aogopaye na aende akiwa na woga wake, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa aende peke yake.