Annalena Tonelli, Mgeni Aliyewangoja Wahamaji wa Wajir

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi watu wa mwambao methali hii twaitamka mlangoni, tukimkaribisha mgeni aliyefika na baraka zake, kwani siku ya mgeni hupikwa chakula kizuri na mwenyeji naye hupata kushiba. Lakini kule Wajir, katika bara kavu ya kaskazini mashariki ya Kenya, aliwahi kukaa mgeni mmoja ambaye kwake methali hiyo haikuwa na fumbo lolote. Alikuja, na wenyeji wakapona. Jina lake ni Annalena Tonelli, na ingawa amekwisha kufa miaka mingi sasa, habari zake zastahili kujulikana na kila mtu athaminiye utu.

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì, Italia. Alisomea sheria mpaka akahitimu, lakini hakufungua ofisi ya uwakili. Tangu ujana wake alikuwa akiwahudumia maskini wa mji wake, na mwaka 1963 yeye na wenzake walianzisha kamati ya kupambana na njaa duniani. Mwaka 1969 akaja Kenya, akawa mwalimu, na hatimaye akafika Wajir. Alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Kikatoliki, ila hakuwa mtawa wala hakuwa chini ya shirika lolote la dini. Kazi yake iliendeshwa kwa michango ya jamaa na marafiki waliobaki Forlì.

Ili tufahamu ugumu wa kazi aliyoishika, yafaa kwanza tuwatazame watu aliowakuta. Tuchukue kwa mfano mfugaji wa Hadado, magharibi ya mji wa Wajir. Mfugaji huyu si tajiri. Ana ng'ombe wachache, mbuzi na kondoo, na ngamia wa kukamuliwa na wa kubeba mizigo. Nyumba yake ni ya fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka, nayo ni mali ya mkewe, ambaye ndiye aijengaye na kuibomoa. Alfajiri, baada ya sala, wanawake hukamua, na maziwa hutiwa katika vyombo vilivyofukizwa moshi ili yasiharibike upesi. Watoto hutoka na mbuzi, vijana hutoka na ng'ombe, na jioni hesabu hufanywa zizini kabla ya mtu yeyote kula. Siku hupita hivyo, na kwa macho ya mpita njia huonekana kama siku isiyo na jambo.

Lakini katika kila siku kama hiyo kuna shauri moja lisilolala, nalo ni la kuhama. Kiangazi kikali ambacho Wasomali hukiita jilaal, kianzacho kama Januari mpaka mvua za gu zinyeshe Machi au Aprili, hapana nyasi zitoshazo mahali pamoja. Ngamia aweza kukaa wiki na zaidi bila ya kunywa, ng'ombe hawezi. Nyasi zikiisha karibu na kisima, ng'ombe hutembea mbali kula na mbali kunywa, mpaka nguvu zote zikaishia njiani. Basi wazee huketi chini ya mti wakashauriana. Hutumwa mtu aliye hodari wa kusoma nchi, naye huenda akatazama wapi mvua imeshuka, majani yako kiasi gani, nani amekwisha kutangulia huko, na kama njia ina amani. Akirudi na habari njema, nyumba hubomolewa, fito na mikeka hupakiwa juu ya ngamia, na wazee sana na watoto wachanga hupandishwa juu ya mizigo. Aliyechelewa siku chache aweza kufika akakuta nyasi zimekwisha. Huko, kukosea siku ya kuhama ni kupoteza mali ya umri mzima.

Sasa katika nyumba kama hiyo na awepo mtu akohoaye. Kwanza huambiwa ni baridi ya usiku. Kisha mwili hupungua, homa hupanda jioni, na siku moja akatema damu. Hicho ni kifua kikuu, ambacho Wasomali hukiita qaaxo, na jina hilo peke yake lilikuwa aibu. Watu walilificha, kwani nyumba iliyojulikana kuwa na ugonjwa huo ilitengwa, na mabinti zake wakakosa wachumba. Nasi twajua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Zaidi ya aibu palikuwa na lile shauri la kuhama. Mgonjwa akipelekwa hospitali ya Wajir, mifugo itamngoja nani? Na akihama pamoja na mifugo, dawa atazipata wapi?

Jambo hili halikuwa dogo, kwa kuwa katika miaka hiyo matibabu ya kifua kikuu yalichukua mwaka mmoja na zaidi, na mara nyingi miezi 18. Hata mtu wa mjini, jirani na hospitali, ilimshinda kumeza dawa muda wote huo. Mfugaji alipewa sindano na vidonge vya siku chache, akaambiwa arudi. Mvua iliponyesha upande mwingine alikwenda na ng'ombe wake, na hakurudi. Si kwamba hakutaka uzima. Ng'ombe pia ndio uzima wake na wa watoto wake. Wakubwa wengi waliotoka nje walikata shauri kwamba watu hawa hawatibiki, na kwamba dawa yao ni kuacha kuhama.

Dawa ya namna hiyo wenyeji walikuwa wamekwisha kuionja. Katika vita vya shifta, vilivyoanza mwaka 1963 na kumalizika mwaka 1967, serikali iliwakusanya wafugaji wa kaskazini mashariki katika vijiji vilivyolindwa na askari. Vijiji hivyo viliitwa kwa neno la Kimaasai, manyata. Mtu hakuweza kutoka kwenda malishoni kama alivyozoea, na mifugo iliyobanwa mahali pamoja ilimaliza nyasi ikafa kwa wingi. Kwa hiyo neno manyata, masikioni mwa Msomali wa Wajir, lilikuwa neno la kufungwa na kufilisika.

Mambo mawili yalikutana baadaye. La kwanza ni la kitaalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Uingereza na wa Afrika Mashariki walifanya majaribio katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakaonyesha kwamba kifua kikuu chaweza kutibiwa kwa miezi 6 tu, madhali mgonjwa anapewa dawa zenye nguvu na hakosi hata siku. La pili ni Annalena. Mwaka 1976 alikabidhiwa mpango wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wahamaji, na akaujenga juu ya ardhi ya Wajir, karibu na kituo cha walemavu ambako yeye na wenzake walikuwa wakiwahudumia watoto waliopooza.

Hakujenga wadi yenye vitanda mistari miwili. Alitenga kiwanja, akawaacha wagonjwa wajenge nyumba zao wenyewe za fito na mikeka, kama zile za Hadado. Mgonjwa aweza kuja na mke, au mama, au ndugu. Atalala chini kama alivyozoea, atapika chakula chake, ataswali na wenzake. Sharti lilikuwa moja, nalo halikuwa na mjadala: kila siku ameze dawa mbele ya macho ya mhudumu, mpaka muda utimie. Mahali hapo pakaitwa manyata, neno lilelile lililokuwa likichukiwa. Tofauti ni kwamba manyata hii haikuwa na askari mlangoni. Mtu aliingia kwa hiari yake, na siku ya kutoka ilijulikana tangu siku ya kuingia.

Hapa ndipo ilipo hekima ya kazi hiyo. Annalena hakumtaka mfugaji aache kuhama. Alimtaka ahesabu. Mtu aliyezoea kupanga safari kwa misimu aliweza kuifahamu miezi 6 vizuri kuliko tarehe za kadi ya hospitali: ni kiangazi kimoja na mvua moja. Jamaa zake wangeondoka na ng'ombe, naye angebaki. Mvua ijayo wangekutana, akiwa mzima na mwenye nguvu za kuteka maji kisimani. Hivyo ugonjwa uliingizwa katika shauri la wazee chini ya mti, ukapangiwa kama unavyopangiwa uhamaji wenyewe.

Wala tusidhani ilikuwa rahisi. Kifua kikuu kina hila. Baada ya wiki chache za dawa kikohozi hupungua, mwili hurudi, na mgonjwa hujiona amepona. Wakati huohuo huenda habari zikaja kwamba mvua imeshuka, na kijana aliyejilaza jana leo anatamani kuwafuata ng'ombe wa baba yake. Akiondoka, vijidudu vilivyobaki mapafuni huamka tena, na safari hii huwa vimejifunza kushindana na dawa. Kumzuia mtu kama huyo bila ya ukuta wala askari kwahitaji kitu kimoja tu, nacho ni kuaminiwa.

Na kuaminiwa hakukuja siku moja. Annalena alikuwa mzungu, Mkristo, kijana, tena mwanamke asiye na mume, na kila moja katika sifa hizo lilikuwa swali kubwa kwa wenyeji. Hakujibu kwa maneno. Alijifunza Kisomali, akajifunika kichwa, akaishi bila mali, na miaka ikapita akiwa palepale. Hakumtaka mgonjwa abadili dini yake. Watu walipoona kwamba waliokufa ganzi majumbani wanarudi kwa miguu yao, aibu ya qaaxo ikaanza kupungua, na wagonjwa wakaja wenyewe. Baadaye utaratibu wa manyata ukatumika katika sehemu nyingine za wafugaji wa Kenya. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miaka ya 1990, lilieneza ulimwenguni njia ya kumsimamia mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu, jambo ambalo Wajir ilikuwa imelizoea kwa miaka mingi.

Kisha ukaja mwezi wa Februari 1984. Majeshi ya usalama yaliwakamata wanaume wa kabila la Degodia, katika mitaa ya Wajir na katika kambi za wafugaji, na kuanzia tarehe 10 wakawekwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita 15 hivi kutoka mjini. Walivuliwa nguo, wakalazwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakapigwa risasi. Serikali kwanza ilitaja watu 57 waliokufa. Mwaka 2000 ilikubali kwamba walikuwa 380. Na wenyeji hutaja idadi kubwa zaidi ya hiyo. Wengi wao walikuwa watu wa mifugo, wale ambao Annalena alikuwa akiwapa dawa na kungoja siku zao zitimie.

Angaliweza kufunga mlango. Badala yake alitoka na gari kuwatafuta majeruhi waliotupwa porini, akawatibu, akasaidia kuzika maiti, na akakusanya majina na picha. Ushahidi huo ulitolewa Wajir ukafikishwa kwa mabalozi wa nchi za nje, na kelele zilizotokea zilisaidia kuyakomesha mauaji. Kwa ajili hiyo alipigwa na kutishwa, na haukupita muda mrefu akalazimika kuiacha Kenya. Yeye aliyewafundisha wengine kukaa mpaka muda utimie, alihamishwa kabla ya muda wake.

Alikwenda Somalia, akafanya kazi ileile ya kutibu kifua kikuu, katika njaa na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwishowe alitua Borama, kaskazini magharibi, ambako alijenga hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi. Mwezi wa Juni 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa nishani ya Nansen, itolewayo kwa waliowahudumia wakimbizi. Jioni ya tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi ndani ya hospitali yake akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 60.

Wajir ya leo ina mtaa uitwao TB Manyatta. Watoto wachezao hapo pengine hawajui jina lilitoka wapi. Huko Hadado ng'ombe bado wanahama, ukame umezidi kuwa mkali, na kifua kikuu hakijaondoka. Matibabu yake ya kawaida hata sasa ni ya miezi 6. Kila mara aendapo kwao mtumishi wa serikali, au daktari, au mwenye msaada, humkuta mfugaji na shauri lake lilelile la kuhama. Aweza kumwambia aliache, kama walivyomwambia wengi. Au aweza kuketi naye chini ya mti, akahesabu misimu pamoja naye, na kumngoja. Annalena Tonelli alichagua kungoja, na waliopona kwa mkono wake wana wana na wajukuu wanaochunga mpaka leo.