Ferdinand Porsche, Mwana wa Fundi wa Mabati

Ukisimama kando ya barabara kuu ya Thika jioni, magari yanapomiminika kutoka Nairobi, utawasikia vijana wakibishana: hii ni Subaru, ile ni Benzi. Siku ikipita Porsche, wee, kila mtu hunyamaza! Wengi wetu tunalijua jina hilo kama jina la gari tu. Kumbe Porsche alikuwa mtu, tena mtoto wa fundi kama hawa wetu wa jua kali. Nimeyasoma maisha yake na nimeona heri niwasimulie, matamu na machungu yote.

Ferdinand Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba 1875 katika kijiji cha Maffersdorf, huko Bohemia, ambayo siku hizi imo katika Jamhuri ya Cheki. Baba yake, Anton, alikuwa fundi wa mabati, na kijana alitarajiwa kuirithi nyundo ya babake. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye umeme. Mchana alifanya kazi karakanani, jioni akaenda kusoma katika shule ya ufundi ya mji wa jirani. Hata akafaulu kutia taa za umeme nyumbani kwao. Alipotimu miaka 18 alienda Vienna kufanya kazi katika kampuni ya vifaa vya umeme. Hakuhitimu chuo kikuu chochote. Shahada aliyopewa mwaka 1917 ilikuwa ya heshima tu.

Wanaodhani kwamba vyombo vya umeme ni uvumbuzi wa juzi na wasikie haya. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, gari alilolibuni Porsche lilionyeshwa likiendeshwa kwa umeme, mota zikiwa ndani ya magurudumu yenyewe! Sifa zake zikaenea. Mwaka 1906 alichukuliwa na kampuni ya Austro-Daimler, na 1923 akahamia Daimler mjini Stuttgart, Ujerumani. Mwaka 1931 alifungua ofisi yake mwenyewe ya kubuni magari.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Hitler alitwaa utawala mwaka 1933, naye alitaka gari dogo ambalo mwananchi wa kawaida angeweza kulinunua. Mwaka 1934 Porsche alipewa kazi hiyo, na mwaka 1937 akajiunga na chama cha Wanazi. Gari alilobuni ndilo Volkswagen, ile yenye mgongo wa mviringo kama wa kobe. Injini iko nyuma na hupozwa kwa hewa, haitaki maji ya rejeta. Wajerumani zaidi ya 300,000 waliweka akiba, marki 5 kila wiki, ili walipate gari la marki 990. Jameni, hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa gari! Vita vilianza mwaka 1939, na kiwanda kikageuzwa kuwa cha kuunda vyombo vya kijeshi.

Porsche alikuwa miongoni mwa wakuu wa kiwanda hicho, na pia alibuni vifaru vya vita. Kiwandani walifanyishwa kazi kwa nguvu maelfu ya watu waliotekwa Polandi, Umoja wa Kisovieti na kwingineko. Akina mama waliojifungua walinyang'anywa watoto wao, wakapelekwa katika nyumba iliyokuwa kijiji cha Rühen. Huko zaidi ya watoto wachanga 300 walikufa kwa uchafu, maradhi na kukosa matunzo. Niliposoma habari hiyo niliufunga ule ukurasa kwanza.

Sasa nije kwenye gari lenyewe lililonifanya nimfuatilie mtu huyu. Kabla ya vita kulipangwa mashindano ya kutoka Berlin hadi Roma, yafanyike Septemba 1939. Ofisi ya Porsche ikabuni gari la mbio kwa ajili hiyo, likaitwa Type 64. Chini lilikuwa mtoto wa Volkswagen, lakini juu lilivikwa bodi ya alumini, laini kama yai, ili lipasue upepo. Vita vikaja, mashindano yakafutwa. Yaliundwa matatu tu. La kwanza lilipata ajali, na fremu yake ikatengenezwa ikatumiwa katika la tatu. La pili liliangukia mikononi mwa askari wa Kimarekani, wakalikata paa na kulikimbiza mpaka likafa. Likabaki moja.

Vita vilipokwisha Wafaransa walimkamata Porsche, wakamweka kizuizini karibu miezi 20. Alitoka mwaka 1947, afya yake imezorota. Wakati huo mwanawe Ferry alikuwa akiiendeleza kazi huko Austria, na mwaka 1948 likatoka gari la kwanza kuuzwa kwa jina la Porsche, yaani 356. Mzee aliliona kwa macho yake. Alifariki tarehe 30 Januari 1951 akiwa na miaka 75.

Na lile Type 64 lililobaki? Ferry alilitumia, akalibandika herufi za jina la ukoo wao. Mwaka 1949 alimwuzia Otto Mathé, dereva wa mbio wa Austria ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza. Mathé aliuhamishia usukani upande wa kulia, kama magari yetu ya Kenya, ili abadilishe gia kwa mkono wa kushoto. Si mchezo, na mwaka 1950 alishinda nalo mashindano ya milima ya Alps! Hakuliachia hadi kifo chake mwaka 1995. Mwaka 2019 lilipelekwa mnadani huko California. Dalali alitaja milioni 13 lakini kwenye skrini ikaandikwa 30, watu wakashangilia hadi 70, kisha wakaambiwa ni milioni 17 tu za dola. Ukumbi ukazomea, na gari halikuuzwa.

Hapa kwetu Kenya kazi ya mzee huyu ilionekana zaidi vumbini. Volkswagen yake ndogo ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Mmoja wa washindi wa 1954 alikuwa Vic Preston. Magari ya Porsche, pamoja na ughali wake, hayakuwahi kushinda Safari hiyo. Yalikuwa ya pili mwaka 1972, ya pili tena 1974 nyuma ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na ya pili tena 1978, dereva akiwa Vic Preston mdogo, mtoto wa yule wa 1954.

Wahenga walisema, Mgala muue na haki yake mpe. Haki ya Porsche ni ufundi wake, nami nimempa. Lakini mwenye haki pia huwa na deni. Wenzangu wengi tunatamani kuwa mafundi na wahandisi. Tunaulizwa kila mara tutasomea nini, ila hatuulizwi tutamfanyia nani kazi. Porsche hakukosa kipaji wala bidii. Alimkopesha mikono yake mtu ambaye hakupaswa kukopeshwa, na wale watoto wa Rühen ndio waliolipa. Gari lake moja lilifikishiwa dola milioni 17 mnadani. Deni lile hakuna dalali wa kulitaja bei yake.