Mboya na Deni Lisiloandikwa Daftarini

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Taifa letu limekaa matangani kwa muda mrefu sasa. Deni la umma lilivuka shilingi trilioni 10 mwaka 2023. Juni 2024 vijana walifurika barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, makumi ya Wakenya wakauawa, na Rais akakataa kuutia sahihi mswada huo. Tarehe 8 Julai mwaka huo huo shirika la Moody's la Marekani liliiteremsha Kenya kutoka daraja la B3 hadi Caa1, kwa hoja kwamba serikali iliyoshindwa kutoza kodi mpya itapata taabu zaidi kuwalipa wadai wake. Mvuvi wa omena kule Mbita na mama anayeponda mawe ya dhahabu Nyatike wakajikuta wanasikia redioni habari za madaraja wasiyoyajua, yaliyotolewa na watu wasiowajua. Wengi wakauliza kwa uchungu: ni nani hawa wanaotupima?

Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, liko swali jingine la zamani zaidi, linalohusu jinsi sisi wenyewe tunavyopimana humu nchini. Aliyelileta mbele ya Bunge miaka sitini iliyopita alikuwa mwana wa Rusinga, hayati Tom Mboya. Ni vyema tuyapitie maisha yake, maana hasira ya leo haiwezi kueleweka bila yeye.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, si kisiwani Rusinga bali Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa amekwenda huko kutafuta kibarua. Enzi hizo, eneo ambalo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori lilikuwa sehemu ya wilaya moja ya Kavirondo Kusini. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, lakini haikuteremka kusini mwa ghuba. Bidhaa zilisafiri kwa meli za ziwani hadi Kendu Bay na Homa Bay. Kodi, hata hivyo, haikuhitaji reli: iliwafikia watu wote, na wanaume wengi wakalazimika kwenda mbali kuitafutia fedha. Tangu mwanzo, basi, watu wa pwani hii ya ziwa walichangia hazina kuu kabla hazina hiyo haijawakumbuka.

Mboya alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki: Kabaa huko Ukambani, Yala huko Nyanza, kisha Mang'u. Hakuendelea na masomo ya juu, kwa kuwa mshahara wa baba haukutosha karo yake pamoja na ya wadogo zake. Akachagua chuo cha serikali cha kuwafunza mabwana afya, mahali ambapo mwanafunzi alipata posho badala ya kulipa. Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko alipokea sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Kuna kisa chake mashuhuri: siku moja mwanamke wa Kizungu aliingia maabarani na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu, ilhali Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Kijana huyo alijua mapema maana ya kukadiriwa na mtu asiyekuona.

Hakukaa akilalamika. Mwaka 1952 alishiriki kuunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka uliofuata akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, akiwa na umri wa miaka 23. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa na vyama vya siasa vya Waafrika kupigwa marufuku, kwa hiyo vyama vya wafanyakazi vikabaki sauti ya pekee iliyoruhusiwa. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka 1955, yeye ndiye aliyekwenda kuwapatanisha na waajiri, na wakarudi kazini wakiwa na nyongeza ya mshahara. Baada ya hapo alisoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford. Machi 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Yafaa ikumbukwe kwamba kura hizo alizipata Nairobi wala si Nyanza. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra.

Jambo linalotugusa zaidi ni safari za wanafunzi kwenda Marekani. Uhuru ulikuwa unakaribia na nchi haikuwa na wasomi wa kutosha. Serikali ya Uingereza haikuupenda mpango wa Mboya. Yeye akavuka bahari, akazungumza na watu vyuoni na makanisani, akapata msaada wa Wamarekani weusi mashuhuri kama Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier. Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Huku nyumbani jamaa na majirani walichanga ili mtoto wa kijiji asiende mikono mitupu. Kila shilingi ilijulikana imetoka wapi na inakwenda kwa nani. Hao waliorejea walishika shule, hospitali, wizara na mashirika ya taifa jipya. Hizo zilikuwa fedha za wengine, tena nyingi, lakini zilizaa. Mali bila daftari huisha bila habari, na Mboya alikuwa mtu wa daftari.

Baada ya kuwa waziri wa kazi na kisha wa sheria na katiba, alikabidhiwa wizara ya uchumi na mipango mwaka 1964. Hapo ndipo alipokutana na deni la taifa uso kwa uso. Kenya ilizaliwa ikiwa na deni, na sehemu yake ilitokana na kuinunua ardhi yetu wenyewe. Mpango wa kuwahamishia Waafrika katika ekari milioni moja za walowezi uligharimiwa kwa fedha za Uingereza na za Benki ya Dunia, ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa mikopo ya kulipwa na walewale waliopokonywa ardhi hiyo. Mwaka 1965 wizara ya Mboya, akisaidiwa na vijana kama Mwai Kibaki, ilitayarisha Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya Kenya. Waraka huo ulionya kwamba kukopa ili kununua shamba lililokwisha kulimwa hubadilisha mwenyewe tu wala hakuongezi mavuno, na kwamba fedha hizo hizo zingewafaa watu wengi zaidi kama zingetumika kuendeleza maeneo ya Waafrika. Hicho ndicho kipimo cha Mboya: mkopo ulete kile kitakachoulipa.

Lakini ndani ya waraka huo huo mna kifungu ambacho sisi wa kusini mwa ghuba hatuna budi kukisoma bila upendeleo, hata kama mwandishi wake ni wetu. Kilishauri kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua, usafiri, umeme na watu walio tayari kwa maendeleo. Kikatoa mfano wa hesabu. Pauni milioni moja huenda zikaongeza pato kwa pauni 20,000 katika eneo moja, na kwa pauni 100,000 katika eneo jingine. Basi zipelekwe kule kwenye pauni 100,000, kwa sababu taifa litapata ziada ya pauni 80,000 kila mwaka, na kwa ziada hiyo litaweza kulisaidia lile eneo la kwanza.

Wakenya wengi wanakijua kifungu hicho kwa nusu yake ya kwanza. Wanakilaumu, na wana sababu: kiliyapa kipaumbele maeneo ambayo mkoloni alikuwa amekwisha kuyapa reli na barabara, na kuyaambia mengine yasubiri. Hata wakati huo Mkenya mmoja aliyezaliwa upande wa Kendu Bay, mwanauchumi Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliukosoa waraka huo hadharani katika jarida la mwaka 1965. Ila nusu ya pili ya kifungu imesahauliwa. Ile ziada ya pauni 80,000 haikuwa zawadi kwa eneo lililopata. Ilikuwa amana. Eneo lililoambiwa lisubiri lilikuwa limelikopesha taifa zamu yake, na taifa liliahidi kulirudishia.

Mboya hakuishi kuidai ahadi hiyo. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, alipigwa risasi akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 38. Mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa, lakini suala la waliomtuma halikupata jibu mahakamani. Alizikwa Rusinga, na kaburi lake limejengewa jumba lenye umbo la risasi. Wakati huo kisiwa kilifikiwa kwa chombo cha majini tu. Tuta la Mbita lilijengwa miaka ya themanini, na daraja likaja miaka mingi baadaye.

Turudi kwenye madeni ya leo. Mwaka 2014 Kenya iliuza nje hatifungani ya miaka kumi ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 6.875. Februari 2024, ili kulipa hatifungani hiyo hiyo ya mwaka 2014, ilikopa tena dola bilioni 1.5, safari hii kwa asilimia 9.75. Tofauti ya riba pekee inapita dola milioni 43 kila mwaka. Ni kweli kwamba riba zilikuwa zimepanda duniani kote. Hata hivyo, daraja la nchi lina bei, na bei hiyo huongezwa kwenye mafuta, sukari na karo ya mwananchi. Anayesema madaraja ya Moody's ni porojo za wageni hajafanya hesabu. Agosti 2025 shirika la S&P liliipandisha Kenya kutoka B- hadi B, na hilo ni jambo la kheri.

Kosa letu ni kudhani kwamba wadai wa Kenya wako New York, London na Beijing peke yao. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, deni la umma hutolewa moja kwa moja katika mfuko mkuu wa serikali. Mkopeshaji hulipwa kwanza. Fedha za kaunti zinapochelewa, zahanati ya Homa Bay hungoja dawa na mfanyakazi wa kaunti ya Migori hungoja mshahara. Wale walioambiwa wasubiri mwaka 1965 wanasubiri tena, safari hii nyuma ya foleni ya wenye hatifungani.

Si kila mkopo ulikuwa hasara. Barabara ya kutoka Isebania kupitia Migori hadi Kisii na Ahero ilikarabatiwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kila mkulima anayeipitishia mazao yake anajua alichokopewa. Mkopo huo umefaulu kipimo cha Mboya. Linganisha na reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa kwa mkopo wa China na kufunguliwa mwaka 2017. Mikataba yake ilifichwa hadi Novemba 2022, ilipotolewa sehemu tu, na njia yenyewe ikaishia Naivasha mwaka 2019 kabla ya kuliona ziwa. Mlipaji hakuonyeshwa daftari. Waraka wa 1965, pamoja na kasoro zake, ulichapishwa na kuwekwa mbele ya Bunge, ndiyo maana tunaweza kuubishia hadi leo.

Agosti 2024 Wizara ya Fedha ilikabidhiwa John Mbadi, aliyewahi kuwa mbunge wa Gwassi na kisha wa Suba Kusini, jirani kabisa na Rusinga. Wapo waliotumaini kwamba mwana wa nyumbani angeleta kikapu kilichojaa. Hayo si matumaini ya kujenga nchi, na Mboya mwenyewe, aliyepigiwa kura na Wanairobi wa kila kabila, asingeyakubali. Linalostahili kudaiwa kwa waziri yeyote, wa leo na wa kesho, ni mambo mawili. Kila mkopo utangazwe kabla ya kutiwa sahihi, pamoja na maelezo ya kitakachoulipa. Na pale penye orodha ya wadai wa Kenya, yaandikwe pia maeneo yaliyoikopesha nchi zamu yao tangu mwaka 1965, na fedha za kaunti zitumwe kwa wakati uleule riba ya wageni inapotumwa.

Dawa ya deni ni kulipa. Nchi inayowalipa wageni kwa tarehe huku ikiwakawiza watu wake kwa miaka sitini haijawa mlipaji mwema bado, hata ikipandishwa hadi daraja la juu kabisa.