Sultani aliyeacha jina kwenye shaba

Wewe wa hapa Boito unayeweka sarafu kuukuu kwenye mkebe, za Kenyatta na Moi unazo tayari. Leo mjue Al-Hasan bin Sulaiman.

Jamaa huyu alitawala Kilwa, kusini mwa pwani ya Tanzania, kuanzia mwaka wa 1310 hivi. Dhahabu ya bara ilipitia Sofala ikafika kwake, akatajirika si mchezo. Alijenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye bwawa la pembe nane. Akatoa pia visarafu vya shaba: upande mmoja jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama shairi.

Ibn Battuta alimtembelea 1331, akakuta watu wanamwita Abul-Mawahib, yaani mtoa zawadi. Fukara mmoja alimwomba nguo alizovaa, naye akampa. Lakini usimsifu haraka. Baadaye alimwongezea watumwa 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Alipofariki, nduguye Daud akarithi kiti. Waombaji wakaambiwa mtoaji kafa na hakuacha kitu.

Kumbe aliacha. Sarafu yake moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari, na jina lake bado linasomeka. Wale watumwa 10 je? Hata jina la mmoja wao hatuna. Kumbuka hilo ukizipanga sarafu zako.