Heinrich Hertz, jamaa wa waya mbili

Ukiwa Meru unasikiza Muuga FM, ama Embu na Wimwaro FM, ile "hertz" kwenye megahertz ni jina la mtu: Heinrich Hertz, mzaliwa wa Hamburg, Ujerumani, 1857.

Maxwell alikuwa ameonyesha kwa hesabu tu kwamba kuna mawimbi ya umeme na sumaku yanayosafiri hewani. Hertz akaamua kuyatafuta. Kule Karlsruhe, kati ya 1886 na 1888, alinyoosha waya mbili, akaacha mwanya katikati, akarusha cheche. Mbali kidogo, kitanzi cha waya kisichounganishwa na kitu kikatoa cheche yake. Hiyo ndiyo antena ya dipoli.

Yeye mwenyewe hakuiona faida yake. Akafariki Bonn 1894, miaka 36 tu, redio bado.

Sasa cheki: antena ya redio ya CB, megahertz 27, ni zile waya zake mbili, kila moja kama mita 2.6. Anza na ndefu, pima, kata kidogo kidogo. Ikishakuwa fupi imeenda. Na kabla ya kurusha sauti, ulizia leseni.

Unachounda hapo kwenu hakina soko? Usikitupe. Cha Hertz pia hakikuwa nalo.